Mwenza Wangu Hakujua Ngeli

Siku yangu ya nne Lubumbashi, mzee mmoja aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli chini ya mwembe aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyevuka mipaka kadhaa na kugongwa mihuri: "Natoka Kenya." Hakuinua hata kichwa. Akauliza: "Kenya, avenyu gani?"

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia: Kenya, Mombasa, kule baharini. Hapo ndipo aliponitazama, akacheka mpaka akaangusha gundi. Jiji la Lubumbashi limegawanywa katika komini saba, na moja inaitwa Kenya. Ina soko lake, baa zake, vumbi lake jekundu na wakazi wanaojiita watu wa Kenya bila kuwahi kuona pasipoti. Kwa mzee yule nilikuwa kijana wa mtaa wa jirani anayejifanya mgeni. Na huko ndiko nilikokuwa nimepangiwa kuanza kazi. Nilipomweleza mamangu kwenye simu Jumatatu ile kwamba niko Kenya, alidhani malaria imeshanipanda kichwani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi hutuita Wamormoni. Kwetu kijana wa kiume akifikisha miaka 18 anaweza kuomba kutumwa misheni ya miaka miwili, na wasichana wakati ule walienda miezi 18 kuanzia miaka 19. Huchagui uendako. Unajaza fomu, unapimwa meno na kifua, unangoja, kisha siku moja unafungua barua mbele ya ukoo mzima na majirani waliokuja kushangaa. Hakuna mshahara, familia huchangia kadiri inavyoweza. Mimi nilijitabiria Uganda. Barua ikasema Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lugha Kifaransa na Kiswahili.

Kifaransa kilinitia tumbo joto. Kiswahili je? Nilikulia Mombasa, nilipata A katika mtihani wa kidato cha nne, na mwalimu wangu alikuwa akinisimamisha mbele ya darasa nizitiririshe ngeli kama kasida. Nikaona hapo Mungu mwenyewe kanitayarisha. Wiki sita za mafunzo nchini Ghana nilizitumia kupambana na vitenzi vya Kifaransa, na jioni nilijiliwaza kwamba Kiswahili changu kitawaacha Wakongo midomo wazi.

Kwa kweli kiliwaacha. Ila si kwa namna niliyowaza.

Nieleze kwanza siku yetu ilivyokuwa, maana watu huniuliza zaidi habari za miujiza kuliko habari za makala, yaani mkaa kwa jina la kule. Tuliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nusu saa ya mazoezi, yaani kuruka kamba uani huku watoto wa jirani wakituhesabia. Halafu kuoga kwa maji ya ndoo. Uji au mkate. Kuanzia saa mbili tulisoma: kila mtu maandiko yake, kisha pamoja, kisha lugha. Saa nne tunatoka, mashati meupe, tai, beji nyeusi kifuani. Tunatembea mpaka jioni, kilomita nyingi, tukienda kwa walioturuhusu na kujaribu wasiotujua. Saa tatu usiku lazima tuwe ndani, na saa nne na nusu taa zizimwe, sharti ambalo mara nyingi umeme ulitutimizia wenyewe. Hakuna kuwa na mchumba, hakuna kuogelea, hakuna sinema. Jumatatu ndiyo siku ya kufua, kunyoa, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Wazee wa kanisa letu walituambia sisi tumedekezwa: kabla ya Februari 2019 mmisionari alizungumza na familia kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama.

Nilifika Juni 2022. Hakuna aliyeniambia kuhusu baridi. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai alfajiri yake inauma. Mimi mtoto wa Pwani, sweta langu pekee lilikuwa la shule, nalo nilikuwa nimeliacha Mombasa. Nililala na soksi, kofia na taulo juu ya blanketi. Kitu kingine nilichokikosa ni adhana. Nyumbani mwazini wa msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu ndiye aliyekuwa saa yangu ya kuamkia tangu utoto. Wiki za kwanza nilikuwa nikishtuka gizani nikidhani nimechelewa, kwa sababu tu kulikuwa kimya.

Sheria iliyozidi zote kwa uzito ni ya mwenza. Hutembei peke yako, hata kidogo. Mmisionari anapangiwa mwenzake, na hao wawili wanaishi chumba kimoja, wanakula sufuria moja, hawapoteani machoni. Choo na bafu tu ndiko uendako mwenyewe. Ukitaka kwenda dukani kununua chumvi, mnaenda wawili kununua chumvi. Ukitaka kulia, unalia mtu akikusikia. Kila wiki sita uhamisho unaweza kutokea, na Jumamosi jioni ya kabla yake simu ikilia wote mnatazamana. Katika miaka miwili nilipata wenza wanane. Wa kwanza, aliyenifundisha kazi kwa majuma kumi na mawili, alikuwa mpole wa Kinshasa, hatukuwahi kukwaruzana na wala sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba alinifundisha kupika bukari, ambayo ni ugali wetu kwa jina la kule, na kuikagua noti ya dola kabla ya kuipokea, kwa sababu iliyochanika hata pembe kidogo hakuna muuzaji atakayeigusa.

Wa pili alitoka mji wa Kananga, eneo la Kasai.

Alikuja Septemba, mijakaranda ikianza kuchanua kando ya barabara za katikati ya jiji. Mrefu, mwembamba, anakoroma kama jenereta. Lugha yake ya nyumbani ni Kichiluba, Kifaransa chake ni cha shuleni na kizuri, na Kiswahili alikuwa ameanza kukiokota mitaani miezi mitatu tu kabla. Hakujua ngeli hata moja. Kwake kila kitu kilikuwa "iko". Kitabu iko, mama iko, mvua iko. Alisema "batu" na "batoto", "minaenda", "franga mingi". Mimi nilikuwa nikimsahihisha tangu tunapopiga mswaki. Nilidhani namsaidia. Tena nilijisifu moyoni kuwa nina subira.

Jambo ambalo sikulitilia maanani ni kwamba yeye alisema hivyo kwa kuwa jiji zima lilisema hivyo. Kiswahili cha Lubumbashi kimekua kwenye migodi na kambi za wafanyakazi, watu wa lugha nyingi wakitafuta namna ya kuelewana, na kina sheria zake kamili. Ni mimi tu niliyekuwa sizijui. Kile changu wanakiita Kiswahili bora. Si sifa kama inavyosikika. Ni Kiswahili cha redio na cha Biblia, cha mtu anayekuhubiria bila kukaa.

Mwezi wangu wa kwanza ulijaa aibu ndogondogo. Tulipiga odi kwenye lupango moja, yaani ua wenye nyumba za familia kadhaa, nami nikamwamkia mwanamke mzee kwa heshima zote za Mombasa: "Shikamoo bibi." Akanitazama mikono. "Nishike nini?" Kisha wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, wakaangua kicheko, maana "bibi" kule ni mke. "Bibi ya nani?" akauliza mmoja. Nyanya kule ni nkambo. Siku nyingine mwenye nyumba alitusimamisha mlangoni akasema: "Tosha viatu." Nikamhakikishia kuwa ndiyo, vinatosha, nilinunua saizi yangu. Mwenzangu alikuwa ameshavua vyake. Kutosha, kule, ni kutoa.

Nkambo yule wa shikamoo ndiye aliyekuja kuwa mwenyeji wetu wa kila wiki. Alikuwa Mmethodisti wa tangu utotoni, na alitukaribisha, nadhani, kwa sababu alipenda kuwa na vijana wanaokula. Kijana wake wa mwisho alikufa ndani ya shimo la wachimbaji wadogo, udongo ulipowaporomokea. Hakuwa akitaja jambo hilo. Siku moja ya Oktoba, joto la kufa mtu, alilitaja mwenyewe, polepole, akichambua maharagwe. Kisha akauliza kama ni kweli watu watafufuka na miili yao, hata kama miili yenyewe haikupatikana yote.

Mwenza wangu ndiye aliyejibu. Alisogeza kigoda karibu naye, akaanza: "Nkambo, batu bote balikufa..." Na mimi, ambaye Mungu aliniumba na mdomo, nikadakia: "Watu wote waliokufa."

Sikuwa na nia mbaya. Ilinitoka tu, kama kikohozi. Mwenzangu akanyamaza. Nkambo akaacha maharagwe. Akaninyoshea kidole, halafu akakipeleka kwa mwenzangu. "Huyu minamusikia. Weye hapana." Akageuza kiti chake akanipa bega, akamwambia mwenzangu aendelee. Naye akaendelea, na "batu" zake na "iko" zake, na yule mama akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka siku nyingi. Mimi nilikaa pale nikitazama karai la maharagwe. Ufufuo ulielezwa vizuri sana siku ile, na sikuongeza hata herufi.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno. Nikitaka kuwa mkweli, sikuwa nimetubu bado. Nilikuwa nimekasirika kwa kuaibishwa. Siku mbili tuliishi kwa ishara. Na hapo ndipo utajua uzito wa ile sheria ya mwenza, kwa sababu mtu mliyenuniana naye nje ya misheni unamkimbia, unaenda kwa rafiki, unazunguka mtaa mpaka hasira ipoe. Sisi tulikuwa na chumba kimoja chenye vitanda viwili na meza ya plastiki. Ananuna, na bado lazima nimshikie tochi awashe makala. Nanuna, na bado lazima anisubiri nje ya choo cha jirani. Tulisali pamoja asubuhi na jioni, kila mmoja akimweleza Mungu habari za kawaida kwa sauti, na zile halisi kwa ndani.

Yeye ndiye aliyevunja kimya, na hakuvunja kwa kuomba radhi wala kwa kudai aombwe. Tukiwa tunakoroga bukari alisema, kwa Kifaransa, kwamba ana pendekezo la kazi. Wiki moja mimi nisizungumze Kiswahili chochote nje. Nisalimie tu, nitabasamu, nisikilize. Nibebe daftari.

Nilikubali kwa kiburi, nikidhani Jumatano atakwama aniombe nimsaidie. Hakukwama. Daftari ndilo lililojaa. Niliandika "lelo" kwa leo, "moya" kwa moja, "yulu" kwa juu, "kulomba" kwa kuomba. Niliandika jinsi wanavyotumia "njo" kukazia: njo vile, njo yeye. Niliandika kwamba watu wakubwa hawamjibu mtu haraka. Kuna pumzi moja kwanza. Kufikia Ijumaa niligundua jambo lingine lililonikera zaidi: nilikuwa sijawahi kumsikiliza mtu hadi mwisho. Mtu mwingine akizungumza, mimi nilikuwa nikisahihisha kichwani, au nikitafuta mstari wa maandiko wa kumpiga nao. Mwenzangu alikuwa hana maneno ya kutosha ya kufanya hivyo, kwa hiyo alisikiliza.

Tulipoanza kuelewana ndipo nilipomjua. Alipenda mpira kuliko unavyotazamiwa kwa mmisionari. Hatukuruhusiwa kwenda uwanjani, lakini tulipita Kamalondo, ulipo uwanja wa TP Mazembe, siku za mechi, na kelele zile zilimfanya apunguze mwendo. Mtu asiyetaka kusikia habari za dini angeweza kusimama dakika ishirini kusimulia Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe walipokuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, wakafungwa na Inter Milan matatu kwa bila. Matatu hayo hayatajwi sana. Kinachotajwa ni nusu fainali waliyomtoa Internacional wa Brazil, na kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani. Watoto walituonyesha namna anavyoruka, kwenye vumbi, na mwenza wangu akawa mwamuzi wa nani karuka vizuri zaidi. Ndivyo tulivyojulikana mtaa ule. Ba-Elder ba Kidiaba, maana Elder ndivyo tunavyoitwa wamisionari wa kiume.

Tulikula tulichopewa. Sombe, matembele, samaki wakavu, na siku za neema michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayofungwa kwenye karatasi. Pombe, sigara, kahawa na chai kwetu ni marufuku, na kila nyumba ya heshima siku ya joto inataka kukupa bia. Tulijifunza kukataa kwa namna ambayo mwenyeji hajisikii kuhukumiwa, jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha misheni: unaomba maji kabla hajasimama. Kigumu kilikuwa munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachuka kadiri kinavyokaa. Mwenzangu alitunga sheria yake mwenyewe, munkoyo wa lelo ndiyo, wa juzi hapana, na sijawahi kumwuliza rais wa misheni kama aliafiki.

Novemba mvua zilianza, na pamoja nazo tope. Shati jeupe Lubumbashi ni imani. Udongo wa kule ni mwekundu kama matofali yaliyosagwa, na kola haitakati hata uisugue kwa mswaki, na tulisugua kwa mswaki. Ni siku moja ya mvua hizo tulipopiga odi kwa bwana mmoja aliyenisikia lafudhi akachangamka. Mkenya! Karibu, ingia, uketi. Mwenzangu naye akasalimu. Bwana akamwuliza jina la ukoo wake, akatajiwa. Uso ukabadilika kidogo tu. Akaniambia mimi niingie, na kwamba mwenzangu anaweza kungoja kibarazani, pana benchi.

Sikuelewa. Nilifikiri labda nyumba ni ndogo. Nikaanza kuvua viatu. Mwenza wangu akanishika kiwiko, akamshukuru yule bwana kwa adabu zote, akaniambia twende.

Jioni ile alinieleza, akiangalia dari. Babake alizaliwa Likasi, mji wa migodi kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Babu yake alikuja huko kazini kutoka Kasai, kama maelfu wengine, tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, eneo hilo la migodi lenye Lubumbashi na Likasi. Majirani waliwageuka, nyumba zikachukuliwa, na familia zikajazana kwenye vituo vya reli wakisubiri treni ya kuwarudisha mahali ambapo wengi hawakuwa wamewahi kupaona. Babake alikaa kituoni Likasi majuma kadhaa akiwa kijana. Dada yake mdogo alizikwa njiani. Kwa hiyo yeye, mjukuu, alipofungua barua yake ya wito na kukuta Lubumbashi, babake alitoka nje hakurudi mpaka usiku.

"Akasema nini aliporudi?" nikamwuliza.

"Akasema, chukua koti. Kule Juni ni baridi."

Nilikuwa nimekaa naye miezi miwili. Nilijua anavyokoroma na jinsi anavyochuja maji. Nilimsahihisha "batoto" mara mia. Hilo sikulijua, na sikulijua kwa sababu sikuuliza. Naye alikuwa amejifunza Kiswahili cha watu wale wale, kwa hiari, neno kwa neno, akiwapelekea habari njema mlangoni. Mimi nilikuja nikiwa na A.

Hatukurudi kwa bwana yule. Ningependa kusema tulirudi na mambo yakawa mazuri, lakini hatukurudi.

Nikumbuke pia swali la mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, kwa kuwa lilinifundisha neno ambalo mmisionari hufundishwa kuliogopa. Alitusikiliza majuma matatu, msomi, mtulivu, kisha akaja na karatasi. Ni kweli, akauliza, kwamba kanisa lenu halikuwaruhusu wanaume weusi kupewa ukuhani mpaka Juni 1978? Nikasema ni kweli. Akauliza kwa nini. Nilijua majibu ambayo watu waliyatoa zamani, na nilijua kwamba kanisa lenyewe mwaka 2013 liliandika kuyakana maelezo hayo ya kale. Nikajaribu kupanga hotuba. Nikaona mwenzangu ananitazama kwa jicho lile la wiki ya daftari. Nikavuta ile pumzi moja.

"Sijui," nikasema. "Linaniuma mimi pia."

Yule mwanafunzi alikunja karatasi yake. Hakukasirika. Tulizungumza saa nzima, yeye na sisi, kuhusu mambo ambayo mtu anaweza kuyapenda na bado yakamuuma. Hakujiunga nasi. Kila tulipokutana barabarani baada ya hapo alisimama, akasalimia, akatununulia karanga. Nkambo naye hakubatizwa kwetu. Alibaki Mmethodisti wake, na akatuambia wazi kwamba hawezi kumwacha Yesu aliyekuwa naye alipomzika mume. Watu hupenda kuniuliza nilibatiza wangapi. Ni wachache, na wawili kati yao walishaacha kuja kanisani kabla sijaondoka jijini. Nilikuwa nikimwandikia mama barua za ushindi mwanzoni. Baadaye nikawa namwandikia bei ya nyanya, na akanijibu kwa urefu zaidi.

Simu ya uhamisho ililia Jumamosi ya Januari. Mimi nabaki, yeye Kolwezi. Alifunga sanduku kwa saa moja, tuliishi na vitu vichache. Aliniachia koti la babake. Alisema yeye sasa kazoea baridi na mimi sitazoea kamwe. Jumapili alienda kumuaga nkambo, nami nikiwa kando, bila daftari. Yule mama alimwombea kwa muda mrefu, akimtaja kwa jina lake la Kichiluba ambalo mimi nilikuwa silitamki vizuri. Nilisikia kila neno.

Walikuja wenza wengine sita. Mmoja alikuwa Mzambia aliyenifundisha kupika kwa kweli, mwingine alikuwa mvivu na sitaki kumsema zaidi. Nilipelekwa Ruashi, nikapelekwa Likasi, nikasimama kwenye kituo kile cha treni nikiwa nimevaa koti mwezi wa Juni.

Nilirudi Mombasa katikati ya mwaka 2024. Kiongozi wa kanisa letu alinivua beji ofisini mwake, akanipa mkono, na misheni ikaisha kwa dakika kumi. Usiku ule mamangu alinipa chumba changu mwenyewe, kikiwa na shuka mpya na feni. Sikulala. Kulikuwa kimya mno, hakuna anayekoroma. Saa nane za usiku nilibeba mto nikaenda kulala sebuleni, kwenye mkeka, kati ya wapwa zangu.

Asubuhi mama alinituma dukani nikanunue sukari. Nikavaa kandambili, nikachukua pesa, nikafika langoni nikasimama. Nilisimama kidogo. Majirani walipita, tukasalimiana, nikabaki pale pale nimeshika komeo. Mama akachungulia dirishani.

"Wee, unamngoja nani?"